Chuma Ulete Alikuwa Kwenye Daftari: Tulivyofunga Programu ya Wanachama Kwenye Seva ya Linux

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo lihifadhi usome ukiwa umetulia. Linawahusu zaidi wale ambao biashara zao zimeungana kwenye kikundi: mnachangishana, mnasafirisha mzigo pamoja, halafu kila mwisho wa mwezi mnagombana nani kalipa na nani hajalipa.

Mimi niko Sumbawanga. Kikundi chetu kina wanachama 43 na karibu wote tunauza kwa simu. Kuna wa mchele wa bonde la Rukwa, kuna wa maharage na ulezi wa huku juu Ufipa, kuna wa dagaa na migebuka ya Kasanga na Kirando. Mteja yuko Dar au Dodoma, anaona picha kwenye status, analipia, sisi tunafunga mzigo. Ukisafirisha gunia mbili peke yako kutoka huku mpaka Dar, nauli inakula faida yote. Ndiyo maana tuliungana. Mizigo inakusanywa pamoja, gari linapatikana kwa bei ya kueleweka, na kila mwanachama anachangia shilingi 5,000 kwa wiki kwenye mfuko wa dharura. Mzigo ukilowa njiani au mteja akiukataa ukiwa umeshafika, mfuko unakushika mkono.

Siku hela ilipopungua

Mwisho wa mwaka tulipofunga hesabu, mfuko ulipungua shilingi 115,000.

Utasema hela ndogo. Lakini wewe unayejua vikundi unajua kwamba kinachovunja kikundi huwa ni swali la "imeenda wapi?" Kiasi si hoja. Wa kwanza kusemwa alikuwa mweka hazina. Akatoa simu yake, akatoa daftari, jasho linamtoka na baridi yote ile. Halafu mtu mmoja kule nyuma akasema neno ambalo kila mfanyabiashara mdogo nchi hii analijua: "Hii ni chuma ulete."

Kwenye mji ambao jina lake lenyewe wenyeji hulifasiri "tupa uchawi", neno kama hilo halipiti hivi hivi. Macho yakaanza kutembea, yakamkuta mama mmoja mtu mzima anayeuza maharage. Kwenye orodha alikuwa na wiki 23 hazijalipwa. Lakini mzigo wake ulikuwa unatoka vizuri tu. "Hachangii, halafu anauza kuliko sisi," mtu akasema. Mama alisimama, akasema, "Mimi nimelipa, wanangu," akakaa. Hakuna aliyemjibu. Kuanzia wiki ile, watu wakawa wanaomba magunia yao yasipakiwe jirani na ya kwake.

Nyote mnajua maneno ya namna hii yanaweza kumfikisha wapi mama mtu mzima anayeishi peke yake kijijini. Na mimi ndiye katibu. Aliyeandika "HAJALIPA" mbele ya jina lake kwa kalamu nyekundu ni mimi, na kwenye kikao kile nilikaa kimya.

Kikao kiliamua tuache daftari, tuweke wanachama kwenye kompyuta. Nafikiri wengine waliamini kompyuta itamtaja mwizi. Kazi nikapewa mimi kwa kuwa nina laptopu na niliwahi kusoma soma mambo ya Linux. Hapa chini nawapa nilichofanya, pamoja na sehemu nilizochemka ili ninyi msichemke.

Hatua ya 1: Safisha daftari kwanza

Usiguse kompyuta kabla ya hapo. Programu yoyote ukiilisha orodha chafu itakurudishia orodha chafu ile ile, ila sasa imechapwa vizuri na watu wanaiamini zaidi. Hiyo ni hatari kuliko daftari.

Nilichora jedwali lenye safu hizi: namba ya uanachama, majina matatu, jina analojulikana nalo mtaani, bidhaa anayouza, anapoishi, namba ya simu anayopatikana, namba anayolipia, na jina linalotokea kwenye ujumbe wa muamala. Hizo safu mbili za mwisho niliziweka kwa bahati tu, maana mimi mwenyewe huwa nalipia kwa laini ya mke wangu. Halafu nikaanza kumfuata mwanachama mmoja mmoja. Wa mjini nikawamaliza kwa siku nne, kisha nikapanda gari la kwenda Laela.

Yule mama nilimkuta anapepeta maharage nje. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akanitazama kidogo. "Marahaba. Umekuja kuniandika nyekundu tena, mwanangu?"

Nikamwambia nimekuja kuchukua namba tu. Akaingia ndani, akatoka na kisimu cha batani. Laini yake ya zamani ilizimwa mwaka 2020, wakati ule laini zote ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa kuanzia tarehe 20 Januari. Yeye namba ya NIDA hakuwa nayo bado, kwa hiyo kijana wake akamsajilia laini kwa jina lake yeye kijana. Zamani mchango alikuwa anautoa mkononi. Alipohamia Laela kufuata maharage, akaanza kutuma kwa simu.

Tukafungua ujumbe mmoja mmoja. Nikahesabu mara mbili. Zilikuwa 23, kila mmoja 5,000. Zidisha mwenyewe.

Niliporudi mjini nikakaa na mweka hazina. Ujumbe wote 23 ulikuwa kwenye simu yake pia. Ila kwa kuwa ulionesha jina la mwanaume asiyemjua, alidhani ni mteja anayetuma nauli ya mzigo. Akawa anaandika upande wa nauli, na hela ikawa inalipia gari. Mwizi hakuwepo. Chuma ulete alikuwa kwenye daftari letu, na mlango tulimfungulia sisi kwa kutokuwa na safu moja ya jina la kwenye muamala.

Ukiishia kusoma hapa, tayari umepata nusu ya somo. Sasa twende kwenye kompyuta.

Hatua ya 2: Programu gani?

Nilichagua Admidio. Ni programu ya kusimamia wanachama inayofanya kazi kupitia kivinjari, ilianzia Ujerumani, na ni ya bure: chanzo chake kiko wazi, hulipii leseni, hata mfike wanachama elfu. Unaiweka kwenye seva, kisha kila aliyeruhusiwa anaifungua kwa simu au kompyuta kama anavyofungua tovuti yoyote.

Mambo manne yaliyonivutia:

1. Unaweza kuongeza sehemu zako mwenyewe kwenye taarifa za mwanachama. Nikaongeza "Namba anayolipia", "Jina la kwenye muamala" na "Wiki zilizolipwa".
2. Kuna majukumu. Mweka hazina anaweza kubadilisha, mwanachama wa kawaida anaona yake tu.
3. Inatunza historia ya mabadiliko ya taarifa za mwanachama. Mtu akibadilisha 22 kuwa 23, inabaki imeandikwa nani kabadilisha na lini. Kalamu nyekundu haikuwa na kitu hicho.
4. Orodha inatoka kama jedwali au PDF. Wanachama wetu wengi hawana barua pepe, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi natoa PDF naitupia kwenye grupu la WhatsApp.

Niseme pia isichofanya. Haisomi ujumbe wa miamala ya simu, na haichukui nafasi ya vitabu vya hesabu. Mtu lazima akae aingize. Anayekuambia kuna programu ya bure itakayofanya yote hayo yenyewe, muulize maswali mengi.

Hatua ya 3: Seva ikae wapi?

Hapa ndipo nilipochemka mara ya kwanza. Nikaona isiwe tabu, kuna laptopu ya zamani nyumbani, niweke Ubuntu humo iwe seva. Ikafanya kazi siku tano. Siku ya sita umeme ukakatika usiku, betri yenyewe ilishakufa zamani, na ulipowaka hifadhidata ikagoma kufunguka. Kazi ya siku mbili ikapotea. Mkoa wetu kwa miaka mingi umetegemea umeme unaotoka Zambia, na kukatika tunakujua. Ningekuwa mtu wa kusikia ningekumbuka hilo mapema.

Kwa hiyo tukakodi seva ndogo mtandaoni, ile wanayoiita VPS. Kwa kazi kama yetu inatosha yenye kumbukumbu ya GB 1, na bei huanzia kama dola 5 hivi kwa mwezi. Gawanya kwa wanachama 43, kila mmoja anabeba hela ndogo tu. Malipo unafanya kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu. Ongeza na domeni, yaani jina la tovuti. Inayoishia na .tz utaipata kwa wasajili walioidhinishwa hapa nchini.

Laptopu ya nyumbani usiitupe. Itumie kujifunzia na kujaribia bakapu, nitaeleza mbele.

Kwenye seva chagua Ubuntu toleo la LTS. Matoleo hayo hutoka kila baada ya miaka miwili mwezi wa Aprili na hupata masasisho ya bure kwa miaka mitano. Mimi niliweka 24.04. Jina Ubuntu, kwa lugha za ndugu zetu wa Afrika Kusini, ndiyo "utu" yetu.

Hatua ya 4: Kufunga

Ukishakodi utapewa anwani ya seva na njia ya kuingia. Unaingia kwa amri ya ssh kutoka kwenye kompyuta, na hata simu ya Android inaweza ukiweka Termux. Kisha unafuata mpangilio huu. Usiruke.

Kwanza sasisha seva na uipe saa za kwetu:

sudo apt update
sudo apt upgrade
sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam

Pili, weka vitu vitatu ambavyo Admidio inasimama juu yake. Apache ndiyo inayopokea wageni wa tovuti, MariaDB ndiyo ghala la taarifa, PHP ndiyo lugha iliyoandikiwa programu yenyewe:

sudo apt install apache2 mariadb-server php libapache2-mod-php php-mysql php-gd php-mbstring php-xml php-zip php-curl php-intl unzip

Tatu, funga milango ya ghala. Amri hii itakuuliza maswali ya usalama. Soma kila swali, na kwa yale ya kufuta watumiaji wasio na majina na hifadhidata ya majaribio, jibu ndiyo:

sudo mariadb-secure-installation

Nne, ingia ghalani kwa amri ya sudo mariadb, utengeneze hifadhidata na mtumiaji wake:

CREATE DATABASE wanachama CHARACTER SET utf8mb4;
CREATE USER 'katibu'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri-lako-refu';
GRANT ALL PRIVILEGES ON wanachama.* TO 'katibu'@'localhost';
EXIT;

Usiweke nenosiri hilo nililoandika, ni mfano tu. Weka refu, lisilo na jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Kila mstari uishie na nukta-mkato. Mimi nilikaa robo saa nikiitukana intaneti, kumbe nimesahau hiyo nukta-mkato.

Tano, pakua faili la zip la Admidio kutoka tovuti yao rasmi, lifungue, folda iite wanachama na uiweke ndani ya /var/www/html. Ndani yake kuna folda inaitwa adm_my_files. Humo programu inaweka mafaili yake, kwa hiyo Apache lazima iwe na ruhusa ya kuandika humo:

sudo chown -R www-data:www-data /var/www/html/wanachama/adm_my_files

Mtandaoni utakutana na watu watakaokuambia "weka 777 itakubali tu". Ni kweli itakubali, sawa na mlango wa duka ulioachwa bila kitasa unavyokubali kila mtu. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikarudi kurekebisha.

Sita, na hii wengi wanairuka. Folda hiyo inalindwa na faili dogo la .htaccess, lakini Ubuntu ikitoka kiwandani inaiambia Apache isijali mafaili hayo. Fungua /etc/apache2/apache2.conf, tafuta sehemu ya Directory /var/www/, badilisha "AllowOverride None" iwe "AllowOverride All". Halafu fungua /etc/apache2/sites-available/000-default.conf uongeze mstari wa ServerName na jina la domeni yako. Washa upya:

sudo systemctl restart apache2

Saba, ukuta na kufuli. Kufuli ni ile alama ya https, na cheti chake unakipata bure kutoka Let's Encrypt. Kabla ya kuanza hakikisha domeni yako imeshaelekezwa kwenye anwani ya seva:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow "Apache Full"
sudo ufw enable
sudo apt install certbot python3-certbot-apache
sudo certbot --apache -d jina-la-domeni-yako

Ule mstari wa OpenSSH utangulie kabla ya enable. Ukigeuza, utakuwa umejifungia nje na ufunguo uko ndani. Cheti nilichopata kinadumu siku 90, lakini certbot inakihuisha yenyewe.

Nane, sasa ndiyo fungua kivinjari, andika domeni yako, mkwaju, kisha wanachama. Ukurasa wa usakinishaji utatokea. Utachagua lugha, utajaza jina la hifadhidata, mtumiaji na nenosiri tuliyotengeneza, utaandika jina la kikundi, kisha utatengeneza akaunti ya msimamizi mkuu. Bonyeza kuanza, subiri kidogo, tayari.

Ukimaliza fanya jaribio hili: andika anwani ile ile na uongeze /adm_my_files mwisho. Ukikataliwa kuingia, furahi. Ukiona orodha ya mafaili, rudi hatua ya sita.

Kuingiza wanachama huna haja ya kuandika mmoja mmoja. Lile jedwali la hatua ya 1 lihifadhi kama CSV, kisha tumia sehemu ya kuingiza kutoka kwenye faili. Wote 43 waliingia kwa mara moja. Kazi ya kuwatembelea ilikuwa wiki mbili, kazi ya kuwaingiza dakika kumi.

Hatua ya 5: Bakapu ambayo hujaijaribu si bakapu

Baada ya ile laptopu kunitia adabu, kitu cha kwanza kilikuwa nakala ya kila usiku. Tengeneza folda kwa amri ya sudo mkdir /root/bakapu, kisha andika sudo crontab -e, weka mstari huu:

0 2 * * * mariadb-dump wanachama | gzip > /root/bakapu/wanachama-$(date +\%F).sql.gz

Angalia hapo: kompyuta haijui saa za Kiswahili. Hiyo 2 ni saa 8 usiku. Mwenzangu mmoja alitaka saa 2 usiku akaandika 2, akashangaa nakala inatoka watu wamelala. Na huo mkwaju wa kulala kabla ya % uache ulivyo, si kosa la uchapaji.

Nakala ikibaki kwenye seva ile ile haina maana, seva ikiondoka zinaondoka zote. Kila Jumamosi naivuta kwenye laptopu, pamoja na folda ya adm_my_files, na nyingine naweka kwenye flashi inayokaa kwa mwenyekiti. Halafu mara moja kwa mwezi nairudisha nakala hiyo kwenye ile laptopu ya zamani na kuhesabu: wako 43? Wiki zilizolipwa ziko sawa? Mara ya kwanza kujaribu nilikuta faili lina ukubwa wa karibu sifuri. Jina la hifadhidata nililiandika vibaya, na kwa wiki nzima nilikuwa natunza maboksi matupu.

Hatua ya 6: Funguo zishikwe na watu wawili

Huku kwetu kuna vikundi vimekwama kwa sababu mtu mmoja mwenye nenosiri amehama au amegombana na wenzake. Sisi tuliandika maneno ya siri yote, pamoja na la kampuni ya seva na la domeni, kwenye karatasi. Karatasi ikatiwa kwenye bahasha, ikafungwa na kusainiwa, iko kwa mwenyekiti. Bahasha ikifunguliwa, kikao kinaambiwa.

Na anayeingiza malipo asiwe ndiye anayekagua. Mweka hazina anaingiza, mtu mwingine analinganisha na ujumbe wa simu. Hilo halina uhusiano na kumwamini au kutomwamini mtu. Mweka hazina wetu hakuiba hata senti, lakini karibu avunjiwe heshima kwa sababu alikuwa peke yake na lile daftari.

Hatua ya 7: Taarifa za watu ni dhamana

Ukishakuwa na majina na namba za watu kwenye seva, sheria inakutazama. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosimamia. Wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Tume, kwa hiyo fuatilia kabla hujafuatwa. Kwa lugha ya sokoni: chukua taarifa unazohitaji tu, mwambie mtu unazichukulia nini, usimpe mwingine bila ridhaa yake, na akitaka kurekebisha arekebishiwe.

Sisi picha za vitambulisho vya NIDA hatukuweka. Za nini? Tunachohitaji ni kujua nani kalipa. Na ile namba ya mwanachama usije ukaiuzia mtu wa matangazo hata akikupa hela ya mwezi mzima wa seva.

Kama kikundi chenu kinakopeshana pia, kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Vikundi vya kijamii viko daraja la nne, na usajili unaanzia halmashauri yenu. Nenda ofisi ya maendeleo ya jamii uulize.

Nani asijisumbue na haya yote?

Kama mko wanane na mnaonana kila siku sokoni, daftari linawatosha. Kama hakuna hata mmoja wenu aliye tayari kusasisha seva angalau mara moja kwa mwezi, msikodi seva, maana seva isiyosasishwa ni duka lisilo na mlinzi. Tumieni jedwali la kawaida kwenye simu, watu wawili wawe na nakala. Programu hii inalipa pale mnapokuwa wengi, mmetawanyika, na malipo yanapitia namba za watu tofauti tofauti. Sisi tuna watu Laela, Matai, Namanyere mpaka Muze kule bondeni. Kikao cha wote tunapata mara moja kwa miezi mitatu.

Kikao kilichofuata

Kabla sijaonesha programu, niliomba nianze na jambo lingine. Nikasoma tarehe zote 23, moja moja, na kiasi. Nilipomaliza nikasema aliyeandika "hajalipa" ni mimi, na sikuwahi kumpigia simu kumuuliza. Kukawa kimya. Yule aliyesema chuma ulete aliinuka, akaenda mpaka alipokaa mama, akapiga goti. Wengine walibaki wanatazama sakafu.

Mama alinigeukia mimi. Akasema, "Mwanangu, ungeniuliza tu."

Sasa hivi yeye ndiye mkaguzi. Kusoma kwenye kompyuta hataki, kwa hiyo mjukuu wake anamfungulia ile PDF kwenye simu, na kila mwisho wa mwezi anapiga kwa wanachama kama watano hivi kuwauliza: "Umeandikwa wiki kadhaa, ni kweli?" Mwezi wa kwanza tu alikuta kosa moja. Lilikuwa langu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hata kama hutafunga seva wala kuijua Linux maisha yako yote, leo jioni fungua daftari la kikundi chenu. Ongeza safu moja tu: jina linalotokea kwenye muamala. Halafu yule mliyemwandika hajalipa, mpigie simu.